Kwa Mpangilio wa Kutoka

Alinikataza kuanza na kuzaliwa kwake.

"Ukija kuniandika, mkwe," alisema, "na najua utaniandika tu, maana huna kazi nyingine, usiniletee habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani. Siku niliyozaliwa hakuna aliyenijua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijijui."

Basi sianzi hapo. Watu watasema namwogopa. Namwogopa, ndiyo, lakini si hilo lililonifanya nikubali.

Alikuwa kungwi. Nasema "alikuwa" kwa mazoea ya sisi tunaoandika habari za watu, si kwamba amekufa. Yu hai, na akisikia nimemweka kwenye wakati uliopita atanitafuta mpaka anipate. Kwa msomaji ambaye kwao mambo haya hayapo, kungwi ni mwanamke anayewafunda wasichana. Anawaweka ndani, anawafundisha mambo ya utu uzima na ya ndoa kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa vitendo, na siku ikifika anawatoa nje kwa ngoma; huo ndio unyago. Msichana akiwa ndani huitwa mwali; wakiwa wengi, wali. Akimaliza, tunasema mwali ametoka. Hapa Bagamoyo na vijijini, tangu Mlingotini kwa wakulima wa mwani mpaka Miono kwa wakulima wa mahindi, ni nyumba chache ambazo hajatoa mwali. Mke wangu Salama alitoka mikononi mwake. Ndiyo sababu Kungwi akaniita mkwe, ingawa mama mkwe wangu wa kweli alikuwapo na hakuipenda hata kidogo habari hiyo.

Sasa mwanamke huyu, mwenye baibui na tasbihi, mwenye sauti ya kunyamazisha ukumbi mzima wa harusi, alikuwa mlevi wa gemu.

Kishikwambi aliachiwa na binti yake, Zuhura, anayefanya kazi Dar, ili wawe wanaonana sura wakizungumza. Ndani yake Zuhura alisahau gemu lake. Siku moja Kungwi, akitafuta pa kupiga simu, aligusa picha asiyoijua na kujikuta mbele ya nyumba kubwa isiyo na watu. Akaugusa mlango. Haukufunguka. Akaugusa tena. Kisha nikasikia ninaitwa kutoka dirishani kwake, na dirisha lake na langu yanatazamana.

"Mkwe! Njoo haraka, mashine ya mwanangu nimeiua. Mlango umekwama."

Nilikwenda, nikatazama, nikamweleza kwamba haijaharibika kitu. Mlango umefungwa makusudi. Ufunguo umefichwa mahali, kuna alama za kukuelekeza, na hakuna atakayekwambia; unatazama, unafikiri, unafungua mwenyewe. Ukifungua unakuta mlango mwingine.

Akasema taratibu, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, "Kumbe na wazungu wana unyago."

Tangu siku hiyo sikumwona tena mchana mikono mitupu.

Gemu lenyewe ni mfululizo wa matoleo sita. Lina maneno machache, karibu yote ni picha, kwa hiyo Kiingereza chake cha kuombea maji kilimtosha. Habari yake ni ya ndugu wawili wa kike, mkubwa na mdogo, katika nyumba iliyo kando ya ziwa. Katika toleo la kwanza unaingia nyumba tupu, unafungua chumba baada ya chumba, na mwisho wa yote unakuta kiatu kimoja cha mtoto chini ya ngazi. Hakuna maelezo. La pili na la tatu yanaendelea mbele. Halafu la nne, bila kuomba radhi, linakurudisha nyuma: wale dada ni watoto wadogo na nyumba bado inanuka rangi. La tano linaingia katikati ya la pili na la tatu. La sita lilikuwa halijatoka Kungwi alipoanza, na dunia nzima ilikuwa ikilingoja, kwa sababu ndilo lililoahidi kufungua chumba cha juu, ambacho hakikuwahi kufunguliwa katika matoleo yote.

Nilikuja kugundua kwamba wako watu wazima, wenye kazi na familia, wanaotukanana mtandaoni kwa sababu ya mfululizo huu. Ugomvi wao ni mmoja: mgeni aanzie wapi? Wengine wanasema afuate hadithi ilivyotokea, aanze na la nne, maana humo dada hao bado watoto. Wengine wanasema afuate matoleo yalivyotoka, la kwanza lije kwanza. Mimi nilisoma historia chuo kikuu. Tasnifu yangu, ambayo tumeisoma watu wawili, na msimamizi wangu simwamini, ilianza karne kadhaa kabla ya jambo lenyewe. Unajua nilisimama upande gani.

"Mama," nilimwambia, "kwa haki unatakiwa uanze na la nne. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Ukianza na la kwanza umeingia katikati."

"Wa nne alitoka wa ngapi?"

Niseme hapa kwamba kwake gemu halikuwa "hili." Lilikuwa "huyu." Zuhura alimwambia kwenye simu kwamba gemu la kwanza lilitoka mwaka fulani, la pili likatoka baadaye, na Kungwi akalisikia neno "kutoka" kama alivyolisikia maisha yake yote. Kinachotoka ni mwali. Akawahesabu wote sita kama wali wake, na hakuna aliyeweza kumrekebisha. Baada ya mwezi, nyumbani kwangu na kwake, sote tulisema "huyu."

"Alitoka wa nne," nikajibu.

"Basi ni wa nne. Huko chuo kikuu walikufundisha nini?"

"Kwa kutoka, ni wa nne. Lakini kwa umri ni wa kwanza. Mambo yake yalitangulia."

"Mkwe. Mwali hahesabiwi kwa umri."

Na hili si neno alilolitunga ili anishinde. Mtaani kwetu wako dada wawili ambao mdogo aliposwa mapema, akafundwa kwanza, akatoka. Mkubwa alifuata baadaye sana. Katika shughuli za Kungwi, mdogo ndiye dada. Anakaa juu, sinia linaanzia kwake, na wimbo ukihitaji mtu wa kuuanzisha anatazamwa yeye. Mkubwa aliwahi kulalamika mbele ya watu.

"Kungwi, huyu nilimbeba mgongoni! Leo mimi nimwamkie?"

"Huko nje ulimbeba," Kungwi akamjibu, huku akimpa kisu amsaidie mdogo wake kumenya vitunguu. "Humu ndani siku ile ulikuwa hujazaliwa."

Haya yote yangebaki mambo ya kucheka, lau si macho.

Alikuwa kwa wa tatu alipoanza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Alisema nyumba imesogea. Alipomwaga chai pembeni ya kikombe alisema kikombe kimesogea. Zuhura alipomchukua kwa nguvu kwenda Dar, daktari alikuta ni presha ya macho, ya siku nyingi, na akamweleza bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itachelewesha tu kilichobaki. Inaanzia pembeni na kuja katikati. Kungwi alirudi akiniambia kwamba anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"Nimezoea," akasema. "Si ndiyo kazi yangu."

Lakini hakuwa amezoea. Nilimwona asubuhi moja uani akikaa na kishikwambi kimezimwa, akikigeuza mkono huu na huu. Kitu kimoja alikitaka kuliko vyote, na alikuwa akikisema wazi kwa kila aliyeingia: kabla macho hayajaondoka, afungue chumba cha juu. Na wa sita alikuwa hajatoka. Na yeye alikuwa kwa wa tatu.

Hapo ndipo sote tuliompenda tulipoanza kumshauri vibaya.

Sitaki msomaji amwone kama mtakatifu wa utaratibu. Tamthilia za kwenye televisheni alizianzia popote zilipofika, na akamchukia mtu kwa sura yake bila kujua alifanya nini. Gazeti alilisoma kuanzia nyuma. Mpira aliutazama baada ya kuuliza umeisha ngapi, kwa sababu, alisema, hana moyo wa kufia wanaume ishirini na wawili. Aliwahubiria wali subira kutwa nzima na mwenyewe hakuweza kungoja wali uive. Alifunua sufuria mpaka mvuke ukaisha. Siri za ndani ya chumba chake hazikuwahi kupenya, hata Salama, baada ya miaka yote ya ndoa yetu, nikimuuliza walifundishwa nini hucheka tu na kugeukia ukutani. Lakini siri za nje, nani kamwacha nani na nani kaazima gari la harusi, hizo alizigawa kama halua.

Na alikuwa jeuri. Mlango wake wa mbele umechongwa nakshi nzuri, na waongoza watalii hupenda kusimama hapo. Siku moja kijana mmoja aliwaambia wageni wake kwamba mlango ule ni wa karne nyingi, umeshuhudia misafara yote ikipita. Dirisha likafunguliwa juu yao.

"Mwongo! Mlango huu niliuchongesha nilipoolewa na mume wangu wa pili. Wa kwanza aliondoka na ule wa zamani."

Kijana akajaribu kuokoa jahazi. "Bibi, shikamoo. Tunawaeleza tu historia."

"Marahaba. Waeleze hiyo basi. Ya mlango kuondoka na mwanamume ni nzuri kuliko yako."

Wageni walitafsiriwa, wakacheka, wakapiga picha. Yeye akafunga dirisha. Mimi niliyekuwa barazani kwangu niliandika makala juu ya kisa hicho, nikakipamba kidogo, na aliposomewa alisema nimemfanya mpole.

Kisa cha pili kinachofaa hapa ni cha familia iliyokuja kutoka Dar na gari jeupe lenye kiyoyozi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kichenpati imeshafanyika, mshereheshaji maarufu, keki ya ghorofa. Lakini bibi wa bwana harusi, mtu wa Fukayosi, alikuwa ameshikilia: bibi harusi afundwe na kungwi wa kweli. Kwa hiyo walimleta Alhamisi adhuhuri, wakiomba wawe wamemaliza kabla ya foleni ya jioni.

"Kungwi, tunajua mambo ni mengi," mama wa bibi harusi alisema. "Mpe yale ya muhimu tu. Anza hata na mwisho."

"Ya muhimu ndiyo yapi?"

Yule mama akatazama kucha zake. "Si… yale."

"Ahaa. Yale." Kungwi akamgeukia binti. "Mwanangu, kupika chai unajua?"

"Najua, bibi."

"Nani alikufundisha kujua imechemka bila kufunua?"

Binti akasema hakuna. Kungwi akawaambia kwamba yeye huanza hapo, na kwamba "yale" yako mbali sana na hapo, na kwamba akimpa mtu yale kabla ya haya atakuwa amempa neno la matusi, si somo. Wakanywa chai yake, wakala tende, wakaondoka wakisema mama huyu ana jeuri ya kizamani. Alisimama mlangoni akawapungia mkono kwa furaha ya kweli. Baada ya harusi yule binti alirudi peke yake, kwa basi, akaanza na chai. Lakini hilo si langu kusimulia, wala sijui kilichofuata, maana dirisha lilifungwa.

Katika gemu alikuwa vilevile. Hakutaka kidokezo. Kwa wa pili alikwama kwenye fumbo la kengele akakaa nalo kiasi cha kusahau kuniomba sukari. Kila kengele aliyoipiga ilifunga mlango badala ya kuufungua. Salama alikuwa ameshapata jibu mtandaoni na alikuwa akizunguka nalo kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu, asiruhusiwe kusema. Kisha jirani yetu mmoja akafiwa. Wanawake wamekaa mkekani wakichambua mchele wa msiba, kimya, kila mtu na huzuni yake, ghafla Kungwi akainua kichwa akasema kwa sauti ile ya ukumbini:

"Haipigwi! Inazibwa mdomo!"

Wanawake wakadhani ni uchungu. Mmoja akamkumbatia. Alikubali kukumbatiwa, Salama aliniambia, akalia kidogo kwa ajili ya marehemu, akasubiri dua iishe, kisha akaenda nyumbani karibu akimbie.

Alipofika kwa wa nne alikuwa ameshaanza kukileta kishikwambi karibu na pua, akikipeleka kushoto na kulia ili picha ipite kwenye lile tundu la macho yake. Kazi ya siku moja sasa ilimchukua wiki. Aliniita nije nione kitu. Mtoto mdogo, yule dada wa pili, anashuka ngazi za nyumba mpya, anavua kiatu kimoja, anakiweka chini ya ngazi.

"Umeona anavyokiweka? Kama anakilaza. Sasa ningeanza na huyu, kama ulivyonisumbua, ningeona nini? Mtoto kaweka kiatu. Basi. Ningempita." Akanipiga kofi gotini. "Mimi nataka kumpigia kelele, usikiache hapo! Na hanisikii."

Nilimwambia, kwa sababu mimi pia nina ukaidi wangu wa kusomea, kwamba aliyeanza na wa nne naye akifika kwa wa kwanza na kukikuta kiatu kwenye nyumba tupu ataumia vilevile.

Alilifikiria, nampa haki yake. "Ataumia," akasema. "Ataumia kama anayekumbuka. Lakini hajapewa fumbo, mkwe. Kapewa jibu kwanza, halafu swali. Hiyo ni kazi ya kumchosha mtu."

Wa sita akatoka Kungwi akiwa bado hajammaliza wa nne.

Zuhura alifika kutoka Dar siku ya mapumziko akiwa ameshamwingiza kwenye kishikwambi. Nilikuwapo, nimekuja kurudisha ungo, nikabaki kama watu wanavyobaki pakiwa na ugomvi wa wengine.

"Mama, ruka. Nakuomba. Cheza wa sita sasa hivi, wakati unaona. Wa tano utamrudia."

"Kwa macho gani?"

"Ndiyo nasemea hapo! Daktari kasema—"

"Daktari kasema macho. Kichwa hajakipima."

"Mama, umengoja chumba hicho miaka. Kipo humu. Mguso mmoja. Utakaa gizani bila kukiona kwa ajili ya nini? Nani anakuhesabia?"

"Mimi najihesabia."

Zuhura akanigeukia. "Kaka, mwambie. Wewe ndiye uliyekuwa unasema kuna mpangilio mwingine."

Nikajikakamua. Nikasema kwamba hata wataalamu hawakubaliani, kwamba kutoka ni ajali tu ya biashara, waliotengeneza walitoa walichokuwa nacho tayari, kwamba hadithi ndiyo yenye ukweli na tarehe za kutoka ni za dukani. Nilisema vizuri, nadhani. Nilipomaliza Kungwi alikuwa anatia dawa ya matone, kichwa nyuma, mdomo wazi.

"Zuhura," akasema akiwa bado anatazama dari, "wewe ulipokuwa ndani ulitaka kuruka. Uliniambia, mama, mimi ni mwanao, nifupishie. Nilikufupishia?"

Zuhura akaanza kucheka akiwa na machozi, na mama yake akacheka na matone yakimtiririka shavuni, na mimi nikaweka ungo chini nikaondoka. Kulikuwa na jambo kati yao ambalo sikualikwa.

Nilifanya ujinga mmoja zaidi. Niliusoma mwisho wa wa sita mtandaoni, wote, chumba cha juu na kilichomo, nikaenda kumwambia kwamba ikiwa macho yatatangulia, mimi ninao. Nitamsimulia kwa starehe zake, kikombe cha kahawa mkononi. Nilidhani ni zawadi. Alijifunika kanga masikioni.

"Ukitamka neno moja, ukwe umekwisha! Utaniita shangazi kama wapita njia!"

Kwa wa tano macho hayakumtosha tena. Akamchukua Salama awe macho yake. Waliketi jamvini bega kwa bega, Salama akitazama na kusema, Kungwi akifikiri na kuamuru. Sheria ilikuwa moja: sema unachokiona, usiseme unachokidhani. Siku moja Salama alikuwa na homa nikaenda mimi badala yake.

"Unaona nini?"

"Naona meza, mama. Inaelekea ni ya baba yao, pengine alikuwa anaandikia—"

"Nimekuuliza pengine?"

"Hapana. Naona meza. Ina droo. Nadhani katika droo hii—"

"Mkwe, nenda kamwangalie mkeo."

Nilipata kazi Dodoma, ya kuandika hotuba za watu wasiopenda kuandika, nikawa mbali miezi kadhaa. Salama alibaki na watoto. Kwenye simu nilimuuliza Salama Kungwi anaendeleaje, akasema macho yamekwisha, sasa ni giza na mwanga tu, kisha hata mwanga ukaacha kuja. Nilimuuliza, na wa tano? Akasema kamaliza. Na wa sita? Salama akaniuliza kama mvua zimeanza Dodoma.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia kabla sijavua viatu vya safari vizuri. Mlango ulikuwa wazi. Zuhura alikuwapo, na Salama, na Kungwi katikati yao jamvini, amejifunga kanga mpya, uso ameuinua kidogo kama wanavyoinua wasioona. Sikuwahi kumwona amejaa furaha namna ile. Nilikohoa.

"Huyo," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dodoma wamekulisha nini, mbona hatua zako nzito? Kaa. Hapana, ngoja, usikae. Ule mwisho wa huyu wa sita uliousoma, bado unao kichwani?"

Zuhura na Salama walinitazama. Ningeweza kusema uongo, lakini hakuna uongo uliowahi kufaulu nyumba ile.

"Ninao, mama."

"Toka nje."

"Mama, sitasema neno, wallahi."

"Utahema. Nitakusikia unavyohema. Toka nje, funga mlango."

Nikatoka, nikaufunga ule mlango wa mume wa pili, nikakaa barazani. Muuza samaki akapita na baiskeli, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani, nikamwambia nimefukuzwa kwa watu. Ndani waliendelea. Nilimsikia mke wangu akisema naona ngazi, naona mkono wa mtoto kwenye kitasa, naona taa imezimwa. Nilimsikia Kungwi akiuliza maswali ambayo mimi, niliyesoma kila kitu, nisingefikiria kuyauliza: vumbi liko juu ya kitasa au chini yake, kivuli kimeanguka upande gani. Mara moja walicheka wote watatu kwa jambo ambalo sikulisoma popote. Kisha nilijua wamefika, kwa sababu Zuhura sauti yake ilibadilika.

"Mama. Mlango ndio huu. Chumba cha juu. Kitasa kimelegea, kimebaki kuguswa tu. Leta kidole nikushikie."

Jamvi halikusogea.

"Mama? Leta kidole."

"Kifunge."

"Nifunge nini?"

"Kishikwambi. Kifunge, kiweke kabatini."

"Mama! Miaka yote! Umebakiwa na mguso mmoja!"

"Nimesikia. Umesema vizuri, na Salama kaona vizuri. Kifunge."

"Lakini kwa nini?"

Nikasikia magoti yakilia, mtu mzito akinyanyuka jamvini, akikataa mkono aliopewa.

"Mlikuwa mnaniharakisha kwa sababu ya macho. Wewe, daktari, na huyo mjuaji aliyeko nje. Ruka, mama, macho yanakwenda. Haya, macho yamekwenda. Sasa haraka ni ya nani?" Hatua zikaelekea jikoni, mkono ukipapasa ukuta. "Tutafungua wiki ijayo. Au mwezi ujao. Nikipenda."